Utambi wa Babu Kibona

Itumba, Ileje
4 Machi 2024

Kwa Lucky, mjukuu wangu na mume mwenzangu,

Salamu zikufikie huko kwenye vumbi la malori. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika, maana mvua ya safari hii haijui kupumzika. Mahindi yamebeba vizuri. Ng'ombe wa jirani yetu Ambakisye ameingia tena kwenye maharage yangu. Nimemwambia Ambakisye mara nyingine siongei na yeye, naongea na ng'ombe mwenyewe. Kanisani wanakusalimu wote. Bibi yako Tulinagwe hayupo, amekwenda Isansa kwa shangazi yako Gwantwa, kumsaidia na mtoto mchanga. Atarudi karibuni. Ananipigia kila siku kuniuliza nimekula nini.

Sasa utauliza kwa nini babu anaandika barua wakati simu ipo. Unanijua, nikishika simu naongea kama nahubiri, mpaka watu wa ofisi za wilaya wanasikia. Na jambo hili ni la siri. Ni ile sigara ya umeme uliyoniletea Krismasi ili niachane na sigara za moto. Mwanzo tulielewana nayo, mvuke wake wa embe, nikajiona bwana mkubwa. Siku hizi kila nikiivuta napata ladha ya kitambaa cha jikoni kilichoungua. Nikaifungua. Mimi fundi redio, hakuna kitu kinachonifungia mlango. Ndani nikakuta kiwaya kimejiviringisha, katikati yake pamba, nyeusi tii. Kumbe siri yenyewe ndiyo hiyo! Ni jiko la mafuta ya taa, ila la kutia mfukoni.

Nitumie hicho kidude cha ndani, kipya. Mpe Zebedayo wa hiace, huyo hafungui bahasha za watu. Fanya haraka, maana juzi nilirudi nikavuta moja ya moto. Moja tu. Haya, zilikuwa mbili.

Nataka bibi yako akirudi akute nyumba hainuki sigara. Sina haja nyingine duniani.

Ni mimi babu yako,
Ambilikile Kibona


Tunduma
13 Machi 2024

Shikamoo babu, mume mwenzangu,

Barua imefika, na maparachichi yamefika, ingawa Zebedayo alipata njaa njiani. Huku ni salama. Foleni ya malori imefika mbali, madereva wanasonga ugali kando ya matairi. Kibanda changu cha simu kinakwenda. Wazambia wakivuka kutoka Nakonde wananisalimu "mulishani", najibu "bwino", kisha naongeza bei.

Kuhusu mke wangu, usimsubiri. Isansa ameshaondoka, yupo kwangu hapa. Nimempa kitanda, mimi nalala kwenye mkeka. Asubuhi namletea supu na chapati. Anasema harudi kwa mzee anayenuka moshi, amejipatia kijana. Pole sana babu, mapenzi ndivyo yalivyo.

Na kikohozi chake kimetulia. Usiku analala moja kwa moja. Hili siandiki kwa utani.

Tuje kwenye koili. Hicho kidude cha ndani jina lake ndilo hilo, koili. Yassir, anayeuza vitu hivi karibu na mpaka, anasema koili zilizofungwa kiwandani za aina yako hazipatikani tena. Ila amenipa tangi jingine, la mafundi, Zebedayo anakuletea pamoja na barua hii. Ndani lina kitako chenye vishikizo viwili vya skrubu, na koili unafunga mwenyewe kwa mkono. Unaviringisha waya, unakaza miguu yake miwili kwenye vishikizo, unapitisha pamba katikati, unailowesha juisi, yale maji ya embe yanayotoa mvuke, basi. Nilimwambia babu yangu ni fundi redio, akasema huyo tutamfundisha nini sasa?

Tatizo ni waya. Umekwisha, mwingine unatoka Lusaka wiki ijayo. Babu, nakuomba kwa heshima zote, subiri waya huo. Usijaribu na waya mwingine.

Mjukuu wako,
Lucky


Itumba
20 Machi 2024

Lucky,

Marahaba. Utani wako kuhusu bibi nimeuona. Endelea kuota, kijana, mwenye mke nipo.

Nimejaribu na waya mwingine.

Usianze kucheka. Nilikuwa na waya wa shaba mzuri, nimeutoa kwenye transfoma ya redio ya marehemu mzee Yonathani. Nikauviringisha kwenye bisibisi ndogo, duara zimelala pamoja kama askari, nikakaza skrubu, nikabonyeza. Kimya! Kitaa kikapepesa, mashine ikagoma. Nikaleta mita, nikapima, sindano ikalala kwenye sifuri kabisa. Shaba! Mimi nimekaa na waya tangu ujana wangu, nikasahau kwamba shaba inapitisha umeme bila kupata joto. Hiyo ni njia, si jiko. Bahati mashine ina akili ya kujizima, la sivyo betri ingenipasukia. Kweli mganga hajigangi.

Basi nikavunja pasi ya zamani, ile iliyokufa, nikatoa waya wa ndani. Huo ukawaka! Upande mmoja mwekundu, upande mwingine umelala, lakini uliwaka. Pamba sikuwa nayo. Nikachomoa kidogo, kidogo sana, kwenye mto wa bibi yako. Nikavuta mara moja tu. Mjukuu wangu, kumbe ule mto ni sufi. Nilikohoa mpaka mbwa akatoka nje akaenda kulala kwa Ambakisye. Nyumba nzima inanuka godoro lililoungua.

Kwa hiyo badala ya kuondoa harufu nimeongeza nyingine. Tuma waya. Tuma na pamba. Na habari ya mto bibi yako asiisikie, naushona leo hii.

Babu


Tunduma
2 Aprili 2024

Shikamoo babu,

Samahani kwa kuchelewa, waya ulikwama Nakonde kwa sababu mtu wa Yassir alikuwa na msiba. Pasaka tumekula vizuri. Shangazi Gwantwa anakusalimu, mtoto ameanza kucheka.

Habari ya mto imeshafika kwa mwenyewe. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaniangalia, akauliza, "Mto upi?" Jiandae babu.

Waya huu hapa. Yassir amenionyesha, nami nakuandikia kama alivyonionyesha, polepole, maana wewe ukishika bisibisi husomi tena. Viringisha duara zibanane. Miguu ya waya itoke upande mmoja, ndipo ukaze kwenye vishikizo, na koili isiguse chuma cha pembeni. Kabla ya pamba, pima kwa mita. Isome namba, usisome moyo wako. Ikiwa sawa, bonyeza kidogo na uachie, bonyeza na uachie. Koili inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati, halafu wekundu uende pembeni kote sawasawa. Pakiwaka mahali pamoja tu, acha ipoe, isugue taratibu kwa bisibisi, rudia. Ikishakubali ndiyo unaweka pamba. Hii ni ya duka la dawa, safi, haijatiwa kitu.

Yassir anasema waya hauna shida, watu wengi wanashindwa kwenye pamba. Hapo sasa kila mtu na mkono wake.

Umevuta ngapi za moto wiki hii? Nauliza tu.

Lucky


Itumba
19 Aprili 2024

Mjukuu wangu Lucky,

Umenisubiri sana, barabara ilikatika kwa matope na Zebedayo akakaa bila kazi. Akaja kwangu kila siku kulalamika na kunimalizia karanga.

Swali lako la mwisho sijaliona vizuri, kalamu yako ilififia hapo.

Koili nimeifunga. Lucky! Ungekuwepo ungenipigia makofi. Niliibonyeza hapa mezani, kwenye kazi yangu, ikaanza nyekundu katikati kabisa, ikaenea huku na huku taratibu, pande zote sawa. Nilimwita Zebedayo aone. Akasema, "Mzee, hicho ni nini?" Nikamwambia, "Hicho ni kazi." Nilifurahi kama siku niliyopata stesheni ya kwanza kwenye redio niliyoitengeneza mwenyewe.

Pamba ndiyo imenishinda. Mara ya kwanza niliishindilia kama ninaziba tundu la panya. Juisi haikupita, pamba ikaungua, ladha ileile ya kitambaa cha jikoni. Nikafungua nikaweka kidogo. Ikavuja! Nilikuwa nimevaa shati jeupe la Jumapili, mfukoni kukawa embe tupu, na nyuki wakanifuata mpaka kwenye benchi la wazee wa kanisa. Mchungaji alisimama katikati ya mahubiri akaniuliza kama niko salama. Nimejaribu tena na tena, ama inaungua ama inavuja. Na kila inaponishinda, mkono unakwenda wenyewe kwenye pakiti. Hilo ndilo jibu la swali ambalo sikuliona.

Sasa nisikilize. Bibi yako hanipigii. Nilikuandikia anapiga kila siku, ni uongo. Hajapiga hata mara moja, na mimi nikipiga hapokei. Mtu anayekwenda kulea mtoto mchanga hachukui sufuria kubwa la nyumba. Nilimwona analifunga kwenye kanga nikanyamaza. Mlangoni akaniambia, "Ambilikile, kifua changu na sigara zako haviwezi kukaa nyumba moja. Chagua."

Ile mistari yako kwamba analala bila kukohoa niliisoma, nikaikunja barua, nikakujibu habari za waya tu. Mimi kikohozi chake nilikuwa nakiita baridi ya Ileje. Nyumba sasa haina kikohozi na haina mtu. Ugali ninaopika ukiwa na madonge hakuna wa kunicheka. Namtaka mke wangu, Lucky. Nimeona niseme hivyo hivyo.

Muulize Yassir pamba inashikwaje.

Babu yako


Tunduma
27 Aprili 2024

Shikamoo babu,

Barua yako tumeisoma. Leo sina maneno mengi ya nyumbani, wote ni wazima.

Kuhusu pamba, sikiliza, na ufuate kama ilivyo. Utambi ushikwe kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara. Ukimbana analia, ukimlegeza anakimbia. Uupitishe kwenye koili, uuvute huku na huku. Uteleze, lakini koili itikisike kidogo, ijue kuna kitu ndani. Mikia ya pamba ikate kwa mshazari, uichambue kwa ncha ya sindano ilegee, halafu uilaze kwenye vitundu vya juisi. Ilaze, usiishindilie. Pamba iliyoshindiliwa hainywi.

Ukishailowesha, usivute papo hapo. Wewe hapo ndipo unapoharibu kila kitu tangu zamani, haraka. Inuka, nenda kafunge mbuzi, urudi. Ikishakunywa ikashiba, ndipo uvute.

Lucky


Itumba
3 Mei 2024

WEWE LUCKY!

Mkono wa mtoto mnapovuka barabara? Una mtoto gani wewe? Umevusha nani barabara? Na tangu lini wewe ukanituma kufunga mbuzi?

Hayo ni maneno ya Tulinagwe. Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha akina mama kwenye jiko la kanisa kubadilisha tambi za majiko ya mafuta, na kila mwaka anawaambia hivyo hivyo, mkono wa mtoto, ukimbana analia. Nimesoma nikamsikia kabisa, mpaka nikageuka nyuma kuangalia mlango.

Kwa hiyo yupo kwako! Uliniambia wazi kabisa, kitanda, mkeka, supu, chapati, na mimi nikasema ni utani wa mjukuu. Hii ndiyo hasara ya utani, Lucky. Siku mtu anasema kweli hakuna anayemwamini. Na barua zangu zote amezisoma? Na ya kwamba ananipigia kila siku? Na ya mto? Na ile ya mwisho? Mungu wangu. Sijui nitaficha wapi uso huu.

Lakini mwambie utambi umekubali. Nilifanya neno kwa neno. Nilikwenda kufunga mbuzi kweli, nikarudi, nikavuta, na hakukuwa na kuungua wala kuvuja, ni embe tupu mpaka puani. Ile pakiti nimempa Ambakisye na kiberiti juu yake, tena na samahani ya maneno niliyomtolea ng'ombe wake. Tangu siku hiyo sijawasha hata moja. Kila mkono ukitaka pakiti naupa waya. Naviringisha, nafungua, naviringisha tena. Nafunga koili nyingi kuliko ninavyovuta.

Muulize anataka nini. Chochote. Mwambie namsalimu. Hapana, usimwambie hivyo, mwambie... mwambie namsalimu.

A. Kibona


Tunduma
12 Mei 2024

Shikamoo babu,

Ndiyo, bibi amezisoma zote mwenyewe, miwani puani, kwa sauti. Alipofika kwenye nyuki na mchungaji alicheka mpaka akashika ubavu, na hakukohoa. Nikamwambia, "Bibi, umeona? Umecheka vile na hukukohoa." Akaifuta miwani. Ile barua ya tarehe 19 anailalia chini ya mto, mto wangu, na huo nimemwambia una pamba halali.

Ananituma hivi, nami naandika anavyosema: "Mwambie nimesikia. Nitakuja na Zebedayo, siku sisemi. Nikimwambia siku atafungua madirisha asubuhi na kuchoma ubani, namjua. Zebedayo atanisubiri barabarani na mizigo yangu ndani ya gari. Nikinusa sigara, hata kwenye koti moja, nageuka na gari hilohilo."

Anaongeza kwamba nesi wa hapa amemwambia mapafu hayakuumbiwa moshi wala mvuke wa embe, kwa hiyo hiyo juisi nayo iwe inapungua ukali mpaka iishe. Yassir amenipa nyepesi zaidi, ipo kwenye kifurushi.

Babu, mimi nakuombea. Siyo kwa sababu ya mkeka. Haya, na mkeka pia.

Lucky


Itumba
9 Juni 2024

Kwa Lucky wangu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mahindi tumeshaanza kuvuna, na mbwa amerudi nyumbani.

Nilifua, Lucky. Mapazia, mablanketi, makoti, hata kofia ya msibani. Majirani wakauliza kama kuna harusi. Niliipaka dari chokaa. Redio zote nilizifuta ndani, maana moshi unaingia hata kwenye spika. Halafu nikaanza kusubiri, na kusubiri kulinitoa jasho kuliko kufua. Kila hiace ikipiga honi mimi nimesimama.

Alikuja Alhamisi, na siku hiyo sikusikia honi. Nilikuwa nimeinama mezani nachambua pamba kwa sindano, nikaona kivuli mlangoni. Amenenepa kidogo, supu zako hizo. Nikasema, "Karibu, mama." Akasema, "Bado sijakaribia." Nje Zebedayo amewasha gari, limejaa abiria, na sufuria letu lipo juu ya keria.

Alianza sebuleni. Akashika pazia akalinusa. Akanusa makochi. Akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa, koti moja, koti la pili. Abiria wakaanza kulalamika, mwanamke mmoja akasema ana kikao wilayani, Zebedayo akamwambia, "Mama tulia, hapa kuna ndoa inapimwa." Basi wote wakashuka wakaja kusimama uani kuangalia. Mimi nimesimama katikati ya nyumba yangu, mzee mzima, nasubiri hukumu.

Mwisho akaja kwangu. Akanishika kola, akanusa shati, akanusa shingo, akanishika mikono yote miwili akanusa vidole, kimoja kimoja. Alikaa navyo muda mrefu. Halafu akatoka mpaka mlangoni akaita, "Zebedayo! Shusha mizigo."

Uani kukawa shangwe, wanawake wakapiga vigelegele, yule wa kikao akawashinda wote. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Sikuona aibu. Nililia kama mtoto, nikaosha uso, nikarudi nikamkuta anauliza unga uko wapi.

Jioni nilikuwa na koili mpya mezani, nzuri, inawaka katikati. Lakini macho yalikuwa yanamfuata yeye na uzi wa pamba haupiti. Akavuta kiti. Akachukua pamba mkononi mwangu, akaisokota ncha kwa mate, akaipitisha mara moja tu. Akaivuta huku na huku, akakata mikia, akaichambua, akailaza. Akadondoshea juisi ile nyepesi. Tukakaa tukiitazama inavyokunywa, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Aliposhiba kuitazama akanikabidhi.

"Haya," akasema, "kavutie nje."

Nilitoka nikasimama uani kwenye baridi, nikaishika tu mfukoni. Sikuivuta. Nilikuwa nawahi kurudi ndani.

Ni mimi,
Ambilikile, mume wa Tulinagwe